Tuitazame Kwanza: Utetezi wa Sinema Iliyobezwa

Si desturi ya jarida letu kujishughulisha na sinema za kutisha. Kurasa hizi zimezoea ushairi, methali, matatizo ya ngeli na ufundishaji wa insha, na hivyo ndivyo ipasavyo. Hata hivyo, katika mkutano wa walimu wa lugha shuleni kwetu muhula uliopita, tulipendekeza kwamba wanafunzi wa kidato cha sita walio katika chama cha mijadala waonyeshwe sinema moja ya Kimarekani, kisha waihakiki kwa Kiswahili. Pendekezo letu lilipingwa na karibu kila aliyekuwapo. Madhali hoja zilizotolewa zinagusa kazi yetu sote, yaani kazi ya kumfundisha kijana namna ya kulipima jambo kabla ya kulipokea au kulikataa, tumeona ni vyema tuzijibu mbele ya wasomaji wote, wala si katika chumba cha walimu peke yake.

Sinema yenyewe yaitwa Prince of Darkness, maana yake Mkuu wa Giza. Iliongozwa na John Carpenter, ikatolewa mwezi wa Oktoba 1987. Carpenter alikuwa amekwisha kujipatia jina kwa sinema yake Halloween ya mwaka 1978. Lakini Big Trouble in Little China, aliyoitengeneza kwa fedha nyingi za kampuni kubwa mwaka 1986, ilileta hasara, naye akaamua kurudi kwenye sinema za gharama ndogo ambazo mwenye amri juu yake ni yeye mwenyewe. Hii ilikuwa ya kwanza katika marejeo hayo. Iligharimu kiasi cha dola milioni 3, fedha ambazo huko Hollywood zahesabiwa kuwa kidogo. Mchezo wake aliuandika mwenyewe, ila akajificha nyuma ya jina la kubuni, Martin Quatermass. Muziki nao aliutunga yeye akisaidiana na Alan Howarth. Watazamaji hawakuikimbia, kwa maana fedha zilizoingia zilizidi gharama mara kadhaa. Waliobeza ni wahakiki. Kwa jumla walisema kwamba ina maneno mengi na kitisho haba, kwamba imechanganya dini na sayansi kama mpishi asiyejua kipimo cha chumvi, na kwamba waigizaji wake ni baridi.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajaiona, tueleze kisa chake kwa ufupi. Padri mmoja mzee afariki dunia katika jiji la Los Angeles, na mkononi mwake akutwa na kisanduku chenye ufunguo. Padri mwingine, anayeigizwa na Donald Pleasence, aufuata ufunguo ule hadi kanisa kuukuu lililosahauliwa, na chini ya kanisa hilo akuta chombo kikubwa cha kioo, mfano wa pipa, kilichojaa maji ya kijani yazungukayo yenyewe. Kwa karne nyingi udugu mmoja wa siri ulikuwa ukikilinda chombo hicho bila kumwambia mtu. Padri atishika. Badala ya kuendelea kuificha siri, aenda chuo kikuu kwa Profesa Birack, mwanafizikia, ambaye sehemu yake yachezwa na Victor Wong, amwomba aje na wanafunzi wake na mitambo yao waeleze ni kitu gani. Waja, wapima, wabishana, na kadiri waendeleavyo kupima ndivyo waonavyo kwamba uovu walioambiwa tangu utotoni kuwa ni roho isiyoshikika ni kitu hasa, chenye uzito na umri, nacho chaamka.

Jambo la ajabu kuliko yote ni ndoto. Kila alalaye ndani ya kanisa lile aota ndoto ile ile: mlango wa kanisa, ukungu, na umbo jeusi litokalo polepole, huku sauti yenye mikwaruzo ya redio ikisema kwamba hiyo si ndoto, bali ni ujumbe uliotumwa kutoka mwaka 1999 na watu wa wakati ujao, wanaotaka wale wa wakati uliopita waubadili mkondo wa mambo. Ujumbe wakatika kila mara, na kila aotaye aongeza kipande kidogo. Picha za ndoto hiyo zilichukuliwa kwanza kwa kamera ya video, kisha zikapigwa tena kutoka kwenye kioo cha televisheni, ndiyo maana zaonekana kama habari ya kweli iliyorekodiwa vibaya. Hila hiyo haikuhitaji fedha nyingi, nayo yatisha kuliko mazimwi mengi ya mpira na rangi nyekundu.

Sasa tuzitazame hoja za wenzetu.

Hoja ya kwanza ilisema kwamba wahakiki wenye ujuzi wamekwisha kuihukumu sinema hii, kwa hiyo hatuna sababu ya kuwapotezea vijana wakati. Tuliuliza ni nani kati ya wasemaji aliyeiona. Hakuna aliyejibu. Hapa ndugu zetu watuwie radhi, lakini tabia hii ndiyo tunayoipiga vita kila siku darasani. Mwanafunzi anayeandika kwamba riwaya fulani ina dhamira nzito na lugha nyepesi, hali hajafungua hata ukurasa wa kwanza, bali amenakili kijitabu cha maswali na majibu, twamkata alama bila huruma. Ikiwa sisi nasi twahukumu kwa masikio, tutamkosoa kwa haki gani? Maoni ya mhakiki ni ushahidi mmojawapo. Anayetoa hukumu ni yule aliyeiangalia kazi kwa macho yake mwenyewe. Isitoshe, wahakiki nao hubadilika. The Thing, ambayo Carpenter huyo huyo aliitoa mwaka 1982, ilishambuliwa vikali ilipotoka, na leo yatajwa miongoni mwa sinema bora za aina yake.

Hoja ya pili ni ile ya maneno mengi. Hii twaikubali kama habari na kuikataa kama lawama. Ni kweli kwamba watu wa sinema hii husema sana. Profesa awafundisha wanafunzi wake kwamba katika vitu vidogo kabisa mantiki yetu ya kila siku huvunjika, na padri amsikiliza kama mtu anayesikia habari za msiba wake. Mwanafunzi mmoja mwanamke, mjuzi wa lugha za kale, apewa kitabu kikuukuu kilichofutwa na kuandikwa tena mara nyingi, kikiwa na Kilatini na Kikopti, na hata milinganyo ya hisabati ambayo haikupaswa kujulikana zama zile. Yeye aketi mbele ya kompyuta na kutafsiri mstari kwa mstari, akisema wazi pale penye shaka. Tumetazama sinema nyingi za Kimarekani, na ni nadra sana tulipoona kazi ya mfasiri ikiheshimiwa kiasi hicho. Kwa mwalimu wa lugha, sehemu hiyo peke yake yatosha kuwa somo.

Lakini liko jambo la ndani zaidi. Hebu tuangalie yawapatayo watu hao uovu unapowaingia. Aghalabu hunyamaza. Husimama wima, macho wazi, bila neno. Yule mfasiri aliyekuwa akiyapima maneno kwa uangalifu, anapotekwa, arudi kwenye kompyuta ile ile na kuandika sentensi moja fupi, kisha aiandika tena, na tena, hadi kioo kikajaa. Huo ndio ufundi wa sinema hii ambao wahakiki wake hawakuutambua: wazima ni wale wanaobishana, na waliokufa ndani ni wale waliobakiwa na sentensi moja. Ukiyapunguza mazungumzo umeiondolea sinema kipimo chake cha kutofautisha mtu na kisichokuwa mtu.

Hoja ya tatu ilikuwa nzito, nasi hatukuijibu siku ile kwa kuwa ilistahili jibu lililofikiriwa. Mwenzetu mmoja, mwalimu mzee tunayemheshimu, alisema: "Ndugu, nchi hii imekwisha kuona mwisho wa dunia wa uongo. Mwataka kuwaonyesha watoto mwingine wa nini?" Kila mtu chumbani alifahamu asemalo. Alikuwa akisema habari za Kanungu.

Wasomaji wa nchi nyingine pengine wamesahau. Katika wilaya hiyo ya kusini-magharibi mwa Uganda lilikuwapo kundi la kidini lililojiita la Kurejesha Amri Kumi za Mungu. Viongozi wake walidai kwamba wamepata ufunuo, wakaueneza kwa kijitabu chao, wakatangaza kwamba dunia itafikia kikomo tarehe 31 Desemba 1999. Wafuasi wakauza mali yao, wakatoa walichokuwa nacho. Siku ikapita, jua likachomoza kama kawaida, na baadhi ya watu wakaanza kuuliza. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu, watoto wakiwamo, waliteketea ndani ya jengo la ibada ambalo milango na madirisha yake yalikuwa yamezibwa. Baadaye maiti nyingine zikafukuliwa kutoka makaburi ya halaiki katika makazi mengine ya kundi hilo.

Sisi tuliiona Prince of Darkness kwa mara ya kwanza mwaka 2001, tukiwa wanafunzi wa chuo cha ualimu, katika banda la video lenye mabenchi ya mbao na jenereta ya kunguruma. Mfasiri wa banda, kama ilivyo kawaida ya mabanda yetu, alikuwa akiieleza sinema kwa Kiganda papo hapo kwa kipaza sauti. Profesa alipoanza kueleza fizikia, mfasiri alivumilia kidogo, kisha akatangaza kwamba mzee huyu anasema mambo ni magumu, na ukumbi mzima ukacheka. Mwenzetu mmoja wa bweni hakucheka. Kwao ni kusini-magharibi, na shangazi yake, dada wa baba yake, alikuwa ameuza ng'ombe wote wanne akaondoka na wajukuu wawili kulifuata kundi lile. Hawakurudi. Tulipokuwa tukirejea chuoni kwa miguu, tulimwomba radhi kwa kumleta kwenye sinema ya namna ile, yenye kanisa, na milango iliyozibwa, na mwaka 1999. Alitembea kimya kitambo kirefu. Kisha akasema, "Hawa angalau walikuwa wakiulizana."

Hatukuyaelewa maneno yake usiku ule. Tuliyaelewa baada ya kusoma zaidi habari za Kanungu. Imeandikwa kwamba wafuasi wa kundi lile walizuiwa mazungumzo ya kawaida, ati wasije wakasema uongo na kuivunja amri, na kwamba zilikuwapo siku za kuwasiliana kwa ishara za mikono tu. Wazia watu mia kadhaa wakiishi pamoja, wakilima na kula na kusali pamoja, nao hawana ruhusa ya kumgeukia jirani na kumwuliza: je, wewe waamini kwamba ni Ijumaa? Waliokuwa na ruhusa ya kusema ni wachache, na walichokisema ni tarehe. Wengine waliachiwa kunyamaza na kungoja.

Ndiyo maana twasema kwamba mwenzetu mzee amegusa jeraha la kweli, lakini ameinyoshea kidole sinema isiyohusika. Mkuu wa Giza si mahubiri ya siku ya mwisho. Ndani yake hakuna kiongozi ajuaye saa. Padri mwenye siri ya karne nyingi aitoa, kwa kuwa ametambua kwamba siri ndiyo iliyowaweka watu hatarini. Naye aitoa kwa wasioamini, waje wamhakikishie au wamkanushe. Hakuna anayeambiwa auze mali yake. Hakuna anayeahidiwa wokovu. Kinyume chake, ujumbe wa kutisha unaotokea kwenye kompyuta wawaambia kwamba hawataokolewa na chochote. Na wakati ujao unapoleta habari, hauleti amri. Waleta picha mbovu, nusunusu, ambayo lazima watu wakae pamoja na kuiunga: wewe uliona nini? Uliishia wapi? Sauti ilisemaje baada ya hapo? Kijana aliyezoea kuuliza maswali hayo hataingia kwa urahisi ndani ya jengo ambalo milango yake inazibwa kwa nje.

Wala hatusemi kwamba sinema hii haina kasoro. Zipo, na twapenda wanafunzi wazitaje. Majina ya washiriki yatapakazwa juu ya mandhari kwa karibu dakika kumi za mwanzo, hata mtazamaji akachoka. Mapenzi ya vijana wawili, Brian na Catherine, yameandikwa kwa haraka, na mwigizaji wa kiume ni mkavu. Maelezo mengine ya kisayansi yamesukwa ovyo. Kuhusu dini, mtunzi abuni habari juu ya asili ya Yesu ambazo Mkristo hatazikubali, nasi hatumwombi azikubali. Anaweza kuzisoma kama asomavyo hekaya za majini, akijua kuwa ni hekaya. Kasoro kubwa zaidi machoni petu ni nyingine kabisa. Kanisa lile lazingirwa na watu wasio na makao, wanaolala mitaani, wakiongozwa na mtu aliyeigizwa na mwanamuziki Alice Cooper. Hao wametekwa na uovu tangu mwanzo, na hawapewi hata neno moja la kujitetea. Jiji la Los Angeles lilikuwa, na lingali, na maelfu ya watu kama hao, na ufukara haukuwafanya kuwa askari wa shetani. Mtunzi aliyewapa wasomi mazungumzo marefu namna ile angeweza kumpa mmoja wa maskini hao sentensi moja. Mwanafunzi atakayeliona jambo hilo bila kuonyeshwa atakuwa amejifunza uhakiki kuliko yule aliyekariri orodha ya tamathali.

Tumalizie na mwisho wa kisa, kwa sababu ndipo thamani yake ilipo. Msichana mmoja aliyetekwa kabisa, ngozi yake ikiwa imeharibika, apenyeza mkono ndani ya kioo cha kujitazamia. Upande wa pili ni giza, na katika giza hilo yuko mkubwa kuliko yule wa ndani ya chombo. Mkono wake wamshika na kuanza kumvuta aje duniani. Wenzao wote wamefungiwa au wamezidiwa. Ni Catherine peke yake aliye karibu. Hana muda wa kuhutubia wala wa kuaga. Amrukia yule aliyetekwa, na wote wawili waingia ndani ya kioo. Padri akivunja kwa shoka. Kwa nukta chache twamwona Catherine upande wa pili, akizama gizani, mkono wake ameunyosha kuelekea mwanga unaozimika.

Kulipokucha, waliosalia watoka nje. Dunia ipo, na mitaani hakuna ajuaye kwamba imeokolewa. Usiku Brian aota tena ile ndoto ya mwaka 1999, na safari hii umbo litokalo mlangoni lina uso: ni Catherine. Aamka kwa kelele, ainuka, akiendea kioo cha chumbani mwake, anyosha vidole polepole. Kabla havijagusa, picha yakatika.

Watu wengi huuona mwisho huu kuwa hila ya kutishia tu. Sisi twauona kuwa swali gumu. Je, kafara yake ilifaa kitu, au ilifungua mlango mwingine? Brian aunyosha mkono kwa hofu, au kwa kumtamani aliyempoteza? Mtunzi hakujibu, na hakuna kijitabu cha maswali na majibu kitakachomjibia. Kuhusu Kanungu pia, waliobaki wameachiwa kioo cha namna hiyo. Mwenzetu wa bweni, ambaye leo ni mwalimu kama sisi, alituambia miaka mingi baadaye kwamba baba yake hakuacha kuuliza kama dada yake alikwenda kwa imani au kwa woga, na kama mwishoni aliwashika mikono wale wajukuu. Yako maswali ambayo hayana jibu, na bado mtu hana budi kuwa na lugha ya kuyauliza. Tusipowapa vijana lugha hiyo, atakuja mwingine awape tarehe.

Twajua kwamba si kila kitu kimfaacho mtu mzima kimfaa kijana. Huko Marekani kwenyewe sinema hii iliwekewa mpaka wa umri, na damu imo. Kwa hiyo twalirudisha pendekezo letu likiwa limepunguzwa: kwanza tuitazame sisi walimu, sote, jioni moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na zile dakika kumi za majina. Kisha tubishane. Mwalimu mzee aliyetupinga awe wa kwanza kusema, maana ana haki hiyo kuliko sisi. Ikiwa baada ya hapo bado ataona kwamba haifai kuonyeshwa kwa kidato cha sita, tutaliondoa pendekezo letu bila kinyongo, kwa kuwa atakuwa amelikataa jambo alilolipima.

Kuuliza si ujinga, wahenga walikwisha kusema. Jenereta ya shule ni nzima, na chumba cha sayansi kina mapazia mazito. Kinachosubiriwa ni walimu kukubaliana siku.